Kazi ya Dar: mshahara tumeuliza, lakini siku ni ya nani?

Kila mwaka mavuno yakiisha, simu za namna moja huanza kuingia vijijini. Mjomba aliyeko Mbagala anasema mleteni kijana, huku kazi ipo. Shangazi wa Tandale ana jirani anayetafuta binti wa kumsaidia nyumbani. Familia inakaa kikao, nauli inachangwa, na swali linaloulizwa ni lile lile: atalipwa shilingi ngapi? Likishajibiwa, begi linafungwa.

Sisi hapa kituoni tunapenda kuuliza na la pili: wale waliotangulia wanaipenda kazi wanayoifanya? Tukiwauliza wasikilizaji swali hili, wengi hucheka kwanza. Kazi unaipenda? Kazi ni kazi. Wazee hukumbusha kuwa kazi mbaya si mchezo mwema, na kwamba mchagua jembe si mkulima. Tunawaelewa. Mwenye njaa hana muda wa kujiuliza kama anafurahi.

Hata hivyo, bila swali hilo kuna mambo ya Dar es Salaam ambayo hayaeleweki. Kwa nini kijana anaacha kiwanda chenye mshahara wa mwezi na kwenda kuendesha bodaboda isiyo na mshahara hata senti? Kwa nini binti aliyekuwa akila na kulala bure anarudi kijijini baada ya miezi miwili, na akiulizwa hasemi kitu? Ukihesabu fedha peke yake, wote wawili wanaonekana wajinga. Sisi hatuamini kuwa ni wajinga.

Tunaposema Temeke na Kinondoni

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,346,674 Temeke na 982,328 Kinondoni. Ukijumlisha ni zaidi ya milioni 2.3 katika wilaya mbili tu za jiji. Kinondoni ina Masaki na Oysterbay zenye mageti na walinzi, ina Tandale na Mwananyamala ambako wengi wa walinzi hao wanalala, na ukienda kaskazini unafika Kunduchi, Tegeta na Bunju. Temeke ina viwanda vya Chang'ombe, bandari upande wa Kurasini, maseremala wa Keko, soko la Tandika, halafu Mbagala na Chamazi ambako jiji linaendelea kula mashamba ya mikorosho na minazi.

Watu hawa wengi hawana barua ya ajira. Ni mama lishe, madereva wa bajaji, mafundi, wabeba mizigo, wauza mitumba, wasusi, wanawake wanaoponda kokoto Kunduchi kwa nyundo chini ya turubai. Wenye mshahara wa serikali ni wachache, na ndio wanaoonewa wivu, hasa tangu Mei 2025 ilipotangazwa kuwa kima cha chini cha utumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000.

Wafanyakazi walipogomea matusi

Kuna jambo la zamani ambalo vijana wengi hawajalisikia, nalo linatusaidia sana hapa.

Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, chama cha TANU kilitoa waraka ulioitwa Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kuwa na kiburi, dharau na uonevu kwa watu anaowaongoza. Huenda waandishi wake walikuwa wakiwafikiria zaidi viongozi wa siasa. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikisoma kifungu hicho na kuona kinamhusu meneja wao.

Ikafuata miaka mitatu hivi ya migomo ambayo nchi ilikuwa haijaizoea. Watu waliweka zana chini, wakakaa, wakadai meneja aje awasikilize au aondoke. Profesa Issa Shivji, aliyeandika juu ya migomo hiyo katika kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka Tanzania, alionyesha kuwa mingi ya mwanzo haikuwa ya kudai nyongeza ya mshahara. Ilikuwa juu ya namna watu wanavyotendewa: kutukanwa, kufukuzwa kwa neno moja, kusemeshwa kama watoto. Mishahara haikuwa mizuri, tusije tukadanganyana. Lakini kilichowafanya watu wazima wenye familia wahatarishe kibarua chao kilikuwa dharau.

Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakaenda mbali zaidi. Walimfungia mwenye kiwanda nje na wakaendesha uzalishaji wenyewe. Serikali, baada ya kusitasita, ikakubali jambo hilo. Wafanyakazi wa sehemu nyingine walipotaka kufanya vivyo hivyo mambo yaligeuka: polisi waliingia, na wapo waliopoteza kazi. Mlango uliofunguliwa 1971 ulikuwa umefungwa.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu wengi hudhani kuwa kuzungumzia heshima na kuridhika kazini ni mambo ya watu wa ofisi zenye kiyoyozi. Waliolianzisha Dar es Salaam walikuwa watu wa mashine na mpira wa moto, na wengi wao walikuwa wametoka vijijini kama wewe unayesoma hapa.

Kiwandani leo malalamiko hayajatofautiana sana. Amri ya mishahara ya sekta binafsi iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha viwanda na biashara kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Amri nyingine yenye viwango vya juu zaidi ilitangazwa Oktoba 2025 ili ianze Januari 2026. Mmoja wetu hapa studio aliwahi kuwa kibarua wa kiwanda kabla ya kuijua maikrofoni. Anachokikumbuka si uchovu. Anakumbuka kusimama getini saa kumi na mbili asubuhi pamoja na wengine, msimamizi akipita na kuonyesha kidole: wewe, wewe, na wewe. Walioachwa walirudi nyumbani bila kuambiwa kwa nini. Ulikuwa unachaguliwa kama nyanya sokoni, anasema, na ukichaguliwa unafurahi, halafu njiani unajiuliza umefurahia nini.

Uhuru wa bodaboda una hesabu yake

Ndiyo maana pikipiki inavuta. Dereva wa bodaboda hapigiwi kengele. Akitaka anaamka saa kumi alfajiri, akitaka saa mbili. Akigombana na abiria, abiria anashuka, basi. Kijiweni kuna wenzake, kuna utani, kuna mpira wa Simba na Yanga wa kubishania, na kuna mfuko wa kuchangiana mmoja anapofiwa. Ukisikiliza vijana wa Tandika au Mwenge wakisimulia kazi yao, furaha ipo na si ya kuigiza.

Lakini tuitazame vizuri siku ya kijana huyu. Wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wanazo kwa hesabu ya kila siku inayokwenda kwa tajiri, au kwa mkataba: unalipa kwa muda fulani, ukimaliza chombo kinakuwa chako. Chukua mfano wa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa mwaka mzima. Ni siku 312, yaani shilingi 3,120,000. Petroli ni juu yako, oili ni juu yako, pancha ni juu yako, faini ya barabarani ni juu yako. Ukiumwa malaria wiki mbili, hesabu haiumwi. Ukirudi unadaiwa 120,000. Kwa hiyo siku ambayo kijana anasema ni yake, saa za mwanzo zote ni za tajiri. Yake inaanza hesabu ikishatimia, na kuna siku haianzi kabisa.

Hapo ndipo mwendo unapoongezeka. Tunawalaumu vijana hawa kwa kukimbiza, na wapo wanaostahili lawama. Lakini mtu aliyefikisha saa kumi jioni akiwa bado anahitaji shilingi 4,000 za mwenye chombo haendeshi kama mtu aliyemaliza.

Wenzao wa daladala walilijua hili mapema. Mabasi ya watu binafsi yaliruhusiwa rasmi Dar es Salaam mwaka 1983, na mfumo ulikuwa huu huu: mwenye gari anataka hesabu yake jioni, dereva na kondakta wanagawana kinachobaki. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyewafuatilia kwa miaka mingi na kuchapisha kitabu mwaka 2017, anapinga wazo kwamba hawa ni wajasiriamali wadogo waliojiajiri. Kwa maelezo yake wengi wao ni waajiriwa wa mwenye gari. Tofauti ni kwamba ajira haikuandikwa popote, wala mshahara haukutajwa. Asubuhi yoyote mwenye gari anaweza kumpa mwingine funguo, na ndiyo maana mjini kuna neno deiwaka, mtu anayepewa gari kwa siku au kwa mizunguko michache akimpumzisha mwenzake.

Mwaka 1997 madereva na makondakta walianzisha umoja wao, UWAMADAR. Jambo kubwa walilopigania lilikuwa mkataba wa ajira wenye saa na mshahara unaojulikana. Hebu fikiria: watu ambao mji mzima unawaona kuwa wako huru walikuwa wanaomba waajiriwe, kwa maandishi.

Hatusemi bodaboda ni kazi mbaya. Wapo waliomaliza mkataba, wakanunua ya pili, leo wao ndio matajiri. Tunachosema ni kwamba furaha ya kazi hii inategemea sana karatasi. Mkataba uwe umeandikwa, ueleze ni lini unaisha, ueleze kitakachotokea mtu akiumwa au chombo kikiharibika, usainiwe mbele ya mashahidi, ikiwezekana ofisi ya serikali ya mtaa ijue. Hesabu ilipwe kwa simu ili ujumbe wa malipo ubaki. Mkataba wa mdomo ndio unaomfanya kijana anyang'anywe pikipiki zikiwa zimebaki wiki mbili, na hana hata kipande cha karatasi cha kupeleka popote.

Kuona kitu kikiisha mkononi mwako

Upande wa Keko kuna furaha ya namna nyingine. Maseremala wale wanafanya kazi katika vumbi na kelele, fedha haina uhakika, mteja analeta nusu ya malipo na kupotea mwezi. Bado fundi akimaliza kitanda na kukisugua, anakizunguka kukitazama kabla hakijapakiwa kwenye guta. Kazi yake ina mwisho unaoonekana, na jina lake linabaki kwenye kitanda hicho. Mteja akirudi anamtafuta yeye.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama wengine. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani. Mwaka 1968, akiishi Msasani, alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hardboard kwa rangi ya kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa Oysterbay karibu na Morogoro Stores. Aliwafundisha ndugu na vijana waliotoka kwao, na alipouawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, kwa kosa la kudhaniwa kuwa mhalifu, wanafunzi wake waliendelea. Leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Lakini pita kwenye vibanda vya wachoraji utaona jambo lingine. Twiga yule yule, mbuyu ule ule, Wamasai wale wale watatu wekundu, kwa sababu ndio wanaonunuliwa na watalii. Mchoraji anayechora twiga wa arobaini wa mwezi hana tofauti kubwa na mtu wa kiwandani, ila kwamba saa ni zake. Kazi ya mikono nayo inaweza kugeuka kibarua soko likitaka kitu kimoja tu. Hatumlaumu. Watoto wake hawali ubunifu.

Msikilizaji wa Usukumani anaweza kuongeza jambo hapa, maana huko vikundi vya kulima kwa ngoma vina historia ndefu, na wafuasi wa Bagika na Bagalu wanajua jinsi jembe linavyokuwa jepesi watu wanapoimba na kushindana. Shamba ni lile lile na jua ni lile lile. Wabeba mizigo wa mjini nao wanaimba, kwa sababu hiyo hiyo.

Kazi ambayo siku yake haiishi

Tumebakiza kazi ambayo vijiji vyetu hupeleka watu wengi na kuuliza maswali machache: kazi ya ndani.

Kwa amri ile ya Januari 2023, mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida alitakiwa kulipwa si chini ya shilingi 60,000 kwa mwezi, na asiyelala hapo 120,000. Viwango hivyo ni vya kabla ya amri ya 2026, kwa hiyo uliza vya sasa kabla ya kukubaliana. Wengi hulipwa chini ya hapo, wengine hutumiwa nyumbani badala ya kupewa mkononi, na binti mwenyewe haigusi fedha yake.

Hata akilipwa sawasawa, kuna tatizo ambalo shilingi haziligusi. Wa kiwandani anatoka getini. Bodaboda anazima injini. Dada wa kazi analala ndani ya kazi yake. Mtoto akilia saa nane usiku, ni yeye. Mgeni akifika saa tano usiku na kutaka chai, ni yeye. Hana kijiwe na hana wa kutaniana naye. Mara nyingi simu yake inawekwa na mama mwenye nyumba kwa maelezo kwamba itamharibu. Ukiongea naye kwa simu ya bosi, bosi akiwa amekaa pembeni, atakuambia yuko salama na anaipenda kazi. Ungetaka aseme nini?

Si nyumba zote ziko hivyo. Tunazijua nyumba ambako binti alisomeshwa ushonaji, akaolewa kwa sherehe iliyofanywa na bosi wake, na hadi leo anaenda kuwaona sikukuu. Wanaokumbuka nyumba kama hizo kwa mapenzi hawaanzi na mshahara. Wanasema pale nilikuwa naitwa kwa jina langu, nilikuwa nala nao mezani, Jumapili ilikuwa yangu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inawahusu na wao, kwa Tanzania Bara. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, na zinazozidi hapo zinalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mtoto wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa kabisa. Kuna chama cha wafanyakazi, CHODAWU, kinachoshughulika na watu wa majumbani na hotelini. Tunajua kuwa saa 45 ndani ya nyumba ya mtu ni vigumu kuzihesabu. Lakini mzazi anayejua kuwa zipo anaweza kuzitaja kabla binti hajapanda basi, na mwajiri akisikia zimetajwa atajua kuwa huyu ana watu nyuma yake.

Kwa hiyo simu ile ya mjomba ikija safari hii, bei ya kazi iulizwe, bila shaka. Halafu aulizwe: anaanza saa ngapi na nani anamwambia sasa pumzika? Siku gani ni yake? Akiumwa inakuwaje? Atakuwa na simu yake mwenyewe? Chombo ni cha nani, na mkataba umeandikwa wapi? Yule aliyekuwa akifanya kazi hiyo kabla yake aliondoka kwa nini, na tunaweza kuongea naye? Mjomba akikasirika kwa maswali hayo, nalo ni jibu.

Na kama kijana tayari yuko huko na ameachishwa kazi isivyo haki, asirudi kijijini kwanza akaja kushauriana. Malalamiko ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30; madai mengine kama mshahara usiolipwa yana siku 60. Zile 30 zinaanza kuhesabiwa tangu siku aliyoachishwa, zile 60 tangu mgogoro ulipotokea, na basi la kurudi nyumbani linazila.